Mwaka wa Mashine Tatu

Dada Perusi tulimzika Kisesa mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, kwa utaratibu ambao yeye mwenyewe angeusahihisha kwa kalamu nyekundu. Padri alichelewa, kipaza sauti kilikoroma, na wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika kutangaza chakula kitatolewa upande gani. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa na shirika la umma kuwa mpiga chapa, akalitumikia kwa miaka mingi. Baadaye akafanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha samaki mpaka alipostaafu. Hilo neno "baadaye" ndilo lililonifanya niinue kichwa. Ndani yake umo mwaka mzima, na katika watu wote waliokuwa chini ya maturubai yale, ni wawili tu tuliouishi pamoja naye, mimi na Esta. Esta alikuwa safu ya mbele, amenenepa, ana miwani, na wajukuu wawili wamemng'ang'ania. Tulipomaliza kula alinijia, akanishika mkono, akasema, "Devota, unazikumbuka zile mashine tatu?" Nikasema nazikumbuka. Akacheka kidogo, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaenda kutafuta kiatu cha mjukuu kilichopotea. Mimi nilibaki nimeshika sahani tupu, na nadhani niliishika kwa muda mrefu, maana mama mmoja alikuja kunipokonya akidhani nasubiri kuongezewa.

Ya baba na mama nayaacha, kwa kuwa hawakuwa na neno lolote katika habari hii. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimepanga chumba Kirumba, na nilikuwa nimepunguzwa kazi. Miaka ile kupunguzwa kazi kulikuwa jambo la kawaida kama malaria. Soko lilikuwa limefunguliwa, mashirika yalikuwa yanauzwa au yanafungwa, madukani vimejaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwenye kalenda tu, na waliokuwa na mishahara ya kuvinunua walikuwa wanapungua kila mwezi. Sisi wa chumba cha wapiga chapa tuliitwa mmoja mmoja na kupewa barua ambazo tulikuwa tumezipiga wenyewe wiki moja kabla, nafasi ya jina ikiwa imeachwa wazi. Nasema tulizipiga, lakini kusema kweli Dada Perusi ndiye aliyezipiga zote. Alipokabidhiwa ya kwake aliitazama kwanza kama pambizo zimekaa sawa, akaikunja, akauliza kama anaweza kuondoka na mto wa kiti chake.

Tulijikusanya watatu. Dada Esta, aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, alijua kuongea na watu wazito. Dada Perusi alikuwa amekaribia hamsini na alijua kupiga chapa kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Mimi nilijua kidogo kila kitu, maana yake nilitumwa. Tulipanga chumba Nyamagana, nyuma ya duka la mitumba, karibu na soko kuu. Dirisha lake lilitazama ukuta. Mlangoni kulikuwa na korido ambako mwanamke mmoja alikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya, na moshi wake uliingia mpaka kwenye karatasi, hata mteja mmoja akatuambia barua yake ya kuomba mkopo inanukia vizuri. Tulikuwa na taipureta mbili, mashine moja ya kudurufu ya kuzungusha kwa mkono, na benchi la wateja. Dada Perusi alikaa kwenye taipureta kubwa. Alipiga kwa nguvu, mgongo wima, hatazami vidole, na kengele ya mwisho wa mstari ililia kwa vipindi vilivyo sawa. Kila Jumatatu alikuja na kopo la matobolwa kutoka Kisesa alikoishi, vile viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, tukavila na karanga saa nne asubuhi bila kuongea, kwa sababu aliamini mtu anayeongea wakati wa kula atakosea akirudi kazini. Mimi nilizungusha mashine ya kudurufu. Nilikuwa na cheti cha kupiga chapa chenye muhuri, lakini mwaka ule mzima wino ulikuwa umeniingia kwenye kucha, na vijana wa duka la mitumba waliniita fundi gereji.

Riziki yetu ilikuwa mitihani. Kila muhula shule za msingi na za sekondari zilihitaji mitihani ya majaribio, na walimu wakuu walikuwa wameshachomwa na mitihani kuvuja, kwa hiyo wengi hawakukubali karatasi itoke nje ya shule kabla ya siku yake. Tukawa tunaifuata hukohuko. Mpiga chapa alifungiwa ofisini na mwalimu mkuu, anapiga stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, na mwalimu mkuu amekaa kando yake anasikiliza. Nasema anasikiliza kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwalimu Masanja, wa shule moja iliyo mbele ya Kisesa unapoelekea Bujora, alikuwa akifumba macho huku kidole kikigonga meza, na taipureta ikinyamaza kwa pumzi mbili tatu alifumbua macho na kuuliza, "Kuna nini?" Lakini taipureta kubwa ilikuwa inavunja mgongo na baiskeli, stensili ikikosewa inapakwa dawa na kungojwa ikauke, na mwaka ule mjini walikuwa wametokea watu wenye kompyuta, shule zikaanza kusema zinataka "maandishi ya kompyuta." Esta akaja na wazo. Alisikia kwamba zipo kompyuta za kubeba, zinafungwa kama sanduku na hazihitaji umeme wakati wote. Leo zinaitwa kompyuta mpakato. Sisi hatukuwa na jina hilo, tuliziita mashine tu. Tungeweka pamoja viinua mgongo vyetu tununue moja. Moja tu. Na hapo ndipo palipokuwa na jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelisema kwa sauti, kwamba mashine moja ina kiti kimoja.

Duka lilikuwa la Bwana Jayanti, mzee wa Kihindu ambaye familia yake ilikuwa imeuza saa, redio na cherehani mjini Mwanza tangu kabla hatujazaliwa. Kompyuta alianza kuziuza mwaka uleule, kwa tahadhari, akiziweka kwenye kabati la kioo la saa za ukutani. Alimheshimu Dada Perusi kwa kuwa zamani alimpigia barua zake za leseni na hakuwahi kurudishiwa hata moja. "Perusi," alisema, "wewe si mteja wa kudanganywa. Mimi nina tatu, kila moja na tabia yake." Alizitaja kwa majina ya kampuni zake. Mawili leo yako kila kona na ya tatu haikuwa na jina. Sisi tuliyasahau kabla ya kufika ofisini, tukazibatiza wenyewe. Mjapani ilikuwa ndogo, nyembamba, ya kijivu, vibonye vyake laini kama ulimi wa ndama. Mmarekani ilikuwa nyeusi, pana, nzito. Pamoja na betri na waya wake ilikuwa sawa na kubeba majogoo wawili, ila vibonye vyake vilisimama imara na vilitoa mlio. Ya tatu ilikuwa imeunganishwa Dubai kwa vipande vya huku na huku, haikuandikwa popote jina la baba yake wala la mama yake, na Esta akaiita Yatima. Yatima ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Bwana Jayanti alikubali kutuazima kila moja tuijaribu, jambo ambalo muuza duka wa leo asingelifanya, na sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba Dada Perusi awe ndiye mdhamini wa kila moja.

Leo mwanangu akitaka kununua kompyuta anasoma maoni ya watu asiowajua. Sisi tulikuwa wapiga chapa, kwa hiyo tulizipima kwa kipimo cha chuo cha uhazili. Dada Perusi alitandika khanga juu ya mikono ya anayepiga ili asione vibonye, Esta akashika saa, na kila mmoja akapewa ukurasa uleule wa maarifa ya jamii, dakika kumi. Hatukuuliza kitu chochote ambacho mtu mwenye akili angeuliza, inakumbuka kiasi gani, ina kasi gani, inakula disketi za namna gani. Tuliuliza inapokeaje kidole. Kwa Mmarekani, Dada Perusi alimaliza ukurasa kabla ya muda, kosa hakuna, mgongo wima, nasi watatu tukatabasamu, maana ilikuwa kama kumsikia akiwa kwenye taipureta yake. Kisha akakaa kwa Mjapani. Alipiga vilevile kwa nguvu zake zote na kuchelewa kuinua kidole, na mashine ile, ambayo ukiigandamiza hairuhusu mchezo, ikamtolea herufi mbilimbili, tatutatu. Esta alipoondoa khanga tukasoma "wwakulima wa pambaaa" na kuendelea hivyo mpaka chini. Dada Perusi alikitazama kioo, akasema, "Hii imelewa." Mimi nilipokaa kwa Mjapani mikono yangu ilikwenda yenyewe. Sikuwa na miaka ishirini na mbili ya kupiga nyundo kwenye vidole vyangu. Kosa moja. Esta alisoma ukurasa wangu mara mbili, akanitazama kama mtu aliyekuta hela kwenye nguo kuukuu.

Siku iliyofuata tulizipima kwa barabara. Tulizifunga moja moja kwa khanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mimi nikaendesha, kwa sababu nani mwingine, mpaka kwenye makorongo ya kuelekea Igoma na kurudi. Mjapani ilirudi ikiwa na vumbi tu. Mmarekani ilirudi salama, ila mimi nilirudi nikitembea, baiskeli nikiikokota, paja linatetemeka. Yatima ilirudi kioo kimekuwa cheusi, na tukiitikisa kitu kinacheza ndani. Bwana Jayanti aliipokea bila kulalamika, akasema afadhali imekufa mikononi mwetu kuliko kufia mikononi mwa adui. Zikabaki mbili.

Mchana ule nilitoka kununua mapanki kwa ajili ya ugali wetu. Mwenye kukaanga alikuwa anageuza samaki, nami nimeegemea ukuta wa korido, ambao ni huohuo ukuta wa chumba chetu, na ulikuwa wa mbao. Nikamsikia Esta akisema, "Lakini dada, hii ndogo inamfaa mtoto. Na inabebeka." Dada Perusi akajibu, "Ndogo inafaa barua za mapenzi. Tuchukue kubwa, mimi nitapiga, Devota atabeba na kudurufu. Mikono yake bado." Esta akasema kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya mafuta. Dada Perusi akasema tena, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Bado. Labda mwaka kesho kutwa." Niliingia na mapanki, nikayaweka mezani, tukala. Nakumbuka alinichagulia mimi kichwa chenye nyama nyingi kwenye mashavu na kukisukuma upande wangu, kama alivyofanya siku zote. Nilikila chote. Nilimchukia kwa namna ambayo sikuwahi kumchukia mtu, na hata hivyo kichwa kilikuwa kitamu.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kazi yenyewe, shuleni kwa Mwalimu Masanja, ambako hakukuwa na umeme. Jumanne tulikwenda na Mjapani, nikapiga mtihani wa sayansi. Mwalimu Masanja alifunga mlango kwa komeo, akakaa, akafumba macho, akafumbua mara moja. "Mbona kimya?" akauliza. "Mnaandika au mnaiangalia?" Esta akamwelekeza kioo, akaona maneno yakitokea, akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza. Mashine ilikaa kwa saa mbili na dakika kadhaa, kazi ikaisha, disketi ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikagundishwa kwa gundi na kupigwa muhuri wa shule, Mwalimu Masanja akaitia mfukoni mwa shati. Utaratibu wake ulikuwa kwamba angeileta mwenyewe Nyamagana na kusimama juu ya vichwa vyetu tukichapa kwa printa aliyotuazima Bwana Jayanti na kudurufu, kisha angeondoka na kila karatasi, hata iliyochanika. Alikiri mashine ni nzuri ila haina adabu, kwa kuwa haimwambii mtu kama inafanya kazi. "Alhamisi leteni ile yenye sauti," alisema. Alikuwa upande wa Dada Perusi bila kujijua.

Jumatano, saa nane mchana, nilichukua Mmarekani dukani kwenda kuichaji kwangu Kirumba, kwa sababu wiki ile mgao wa umeme uliangukia Nyamagana na kwetu ulikuwa unawaka. Bwana Jayanti alinionyesha kitaa kidogo ubavuni. "Njano, ina njaa. Kijani, imeshiba. Saa nne hivi, usiiguse." Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, ndoo mbili na soketi moja. Niliichomeka, kitaa kikawaka njano, nikafua, nikapika, nikala dagaa na ugali uliobaki. Baada ya saa moja nikakumbuka gauni langu la Alhamisi halijapigwa pasi. Nikachomoa waya wa mashine, nikachomeka pasi. Hadi hapo sikuwa na dhambi yoyote. Soketi ilikuwa moja, na mtu haendi kwa mwalimu mkuu na gauni lililokunjamana. Nilipiga pasi, nikachomoa pasi, nikatundika gauni. Waya wa mashine ulikuwa sakafuni, karibu na mguu wangu. Niliutazama. Nimeulizwa maishani maswali mengi yaliyokuwa magumu kuliko hilo na nikayajibu vizuri. Jua lilikuwa bado juu, watoto wa mwenye nyumba wanacheza uani, redio ya jirani inasoma matangazo ya vifo. Nilikaa kitandani, nikaendelea kuutazama, kisha nikachukua ndoo nikaenda bombani kuchota maji ambayo sikuyahitaji. Niliporudi nilifunga kifuniko, nikaifunga mashine kwa khanga tayari kwa safari. Watu wakisimulia makosa yao hupenda kusema walipitiwa. Mimi sikupitiwa.

Alhamisi Dada Perusi alivaa suti yake ya bluu ya wakati wa shirika. Alisalimiana na Mwalimu Masanja kwa Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, wakaulizana habari za mvua na ng'ombe mpaka wakatosheka, komeo likafungwa. Akapasha vidole. Alipoanza kupiga, Mwalimu Masanja alifumba macho na uso wake ukalegea kwa raha, kidole kikigonga meza, na nje ya dirisha wanafunzi wawili wakaacha kufagia wakasimama kusikiliza. Sijawahi kumwona akipiga vizuri kama siku ile. Mtihani ulikuwa wa Kiswahili, kurasa tano, na aliupiga kama mtu anayeusoma kwa sauti. Hakuhifadhi hata mara moja. Bwana Jayanti alikuwa ametueleza namna ya kuhifadhi, nami nilifanya hivyo Jumanne kila baada ya swali, lakini kwake yeye neno likishapigwa limepigwa. Kwa miaka ishirini na mbili karatasi haikuwahi kumgeuka. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ningeweza kumkumbusha, na hilo nalo nililiacha lipite. Alikuwa kwenye ukurasa wa tano mashine ilipotoa mlio mwembamba. Akasita. Mwalimu Masanja akafumbua macho. "Kuna nini?" Mlio wa pili, kisha kioo kikazimika.

Dada Perusi alibonyeza kibonye kimoja, kisha kingine, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Esta akaigeuza, akaichungulia chini. Mwalimu Masanja akasimama. "Maswali yangu yamekwenda wapi?" akauliza. Tukamwambia yamepotea. "Kitu hakipotei tu. Kilikuwa hapa, nimekiona. Kimetoka kimekwenda kwa nani?" Esta akamweleza kwa ustadi wake wote kwamba hayakwenda kwa mtu yeyote, yamefutika, hayapo. Mwalimu Masanja alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi umevuja," akachukua mtihani wake wa mkono, akaukata kwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona, akasema atatunga upya maswali yote hamsini. Hakufoka. Alimgeukia Dada Perusi tu, akamwambia, "Wewe mama, nilikuamini." Na huyo mwanamke ambaye barua yake ya kufukuzwa kazi aliipokea kwa kukagua pambizo, alilia pale, ameketi wima, mikono bado iko juu ya vibonye.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Esta aliamua kabla hatujafika barabarani kwamba tuchukue Mjapani, na hakukuwa na hoja ya kumpinga: nyepesi, inadumu, na mtu wa kuipiga yupo. Dada Perusi alisema, "Mashine imekataa, tutafanyaje." Jumatatu alikuja na kopo lake la matobolwa, tukala, akaniachia kiti, akajaribu kuzungusha mashine ya kudurufu. Alivumilia mpaka Ijumaa. Siku hiyo alinawa wino, akasema hataki kuwa mzigo kwetu, akachukua mto wake akaenda. Esta alimsihi mpaka korido. Mimi nilikuwa na barua ya mteja, nikaendelea kupiga. Kazi ikatunyookea. Shule ziliongezeka, kucha zangu zikawa nyeupe, vijana wa mitumba wakaanza kuniita madamu, na sitajifanya kwamba sikufurahi. Nilifurahi sana. Kwa miezi mitano nilijiambia kwamba hata ingekuwaje yule dada asingeweza, vidole vyake vilikuwa vya enzi nyingine, nilichofanya ni kumwondolea tu kazi ya kushindwa polepole.

Alirudi mwishoni mwa mwaka, asubuhi, Esta akiwa mashuleni. "Shikamoo dada," nikasema. "Marahaba. Hamjambo?" Alikaa kwenye benchi la wateja. Alisema anaomba kazi kwenye ofisi ya kiwanda cha minofu, wanataka mtu wa kompyuta, anahitaji barua moja. Nikaweka vidole tayari nimpigie. Akasema, "Hapana mdogo wangu, nipishe kidogo." Nikampisha, nikijua kitakachotokea, na nilishaanza kumhurumia. Aliketi. Vidole vyake viliigusa Mjapani kidogo tu, kama mtu anayejaribu joto la uji wa mtoto, kisha vikaanza kutembea, kimya kabisa, mstari baada ya mstari, na baada ya kila aya akahifadhi. Ukurasa mzima. Nilisoma nikiwa nyuma ya bega lake, hakukuwa na herufi moja iliyorudiwa. Nikamuuliza amejifunza wapi. "Kwa Bwana Jayanti. Anayo nyingine kama hii. Kila asubuhi napiga barua zake, ananiachia niizoee." Nikamuuliza ilichukua muda gani. "Wiki mbili," akasema. "Vidole vinafundishika. Shida ilikuwa kiburi."

Alichapa barua yake, akaisoma, akaitia kwenye bahasha, lakini hakuinuka. Alifunga kifuniko cha mashine, akaweka viganja juu yake. "Devota," akasema, "siku ile ya Mwalimu Masanja, kitaa kilikuwa kijani?" Nadhani nilianza kupanga karatasi. Akaendelea kwa upole, bila kunitazama, "Nakuuliza kwa sababu Bwana Jayanti ananiuliza, na ile kubwa bado iko kabatini kwake, anaogopa kuiuza. Mimi nataka tu nijue ilikuwa mashine au ilikuwa mtu. Kama ilikuwa mtu, hakuna neno, mtu ana sababu zake, tutakaa tutaongea, na mimi nilikuwa na makosa yangu kwako, nayajua. Kama ilikuwa mashine, basi, nimwambie airudishe ilikotoka." Kisha akageuka akanitazama, akangoja. Chumbani hatukuwa na mtu mwingine. Aliyekuwa akikaanga mapanki hakuwa amefika, korido ilikuwa kimya, wala hakuna aliyenikimbiza. Katika maisha yangu sijafunguliwa tena mlango mpana namna ile, na naona aibu kuandika kwamba sikufikiri hata kidogo, kwamba nilijibu upesi na kwa sauti ya kawaida, huku nikimtazama usoni.

"Ilikuwa mashine, dada."